Hadubini Yataka Subira

Muhula huu nimepewa kazi ambayo sikuiomba. Kila Jumatano baada ya vipindi yanipasa niwe katika maabara ya biolojia, niwaonyeshe wanafunzi wa kidato cha kwanza jinsi ya kutumia hadubini. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu ya kosa langu mwenyewe, nami nitalieleza hapa chini bila kuficha. Lakini kwanza yafaa tukijue chombo chenyewe. Masomo yetu ya sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na wengi wa wadogo zetu hukiona chombo hiki kwa mara ya kwanza siku ile ile wanayosikia majina ya sehemu zake. Basi nimeazimia kukieleza kwa Kiswahili chepesi, ili asiwepo mtu wa kurudia kosa langu.

HADUBINI NI NINI?

Hadubini ni chombo cha kukuza vitu vidogo ambavyo macho yetu hayawezi kuviona vyema. Tusiichanganye na darubini, ambayo kazi yake ni kuvuta vitu vya mbali. Kioo kimoja cha kukuzia, kama kile atumiacho fundi saa, chaweza kuitwa hadubini sahili, kwa kuwa kina lenzi moja tu. Hadubini za shuleni kwetu ni za lenzi mbili zisaidianazo. Lenzi ya kwanza hukikuza kitu, na ya pili huikuza tena ile picha iliyofanywa na ya kwanza.

Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kitabu cha picha za vitu alivyovitazama kwa hadubini ya namna hiyo. Katika kipande chembamba cha kizibo aliona vyumba vidogo vidogo, akaviita seli, na jina hilo latumika hata leo. Baadaye kidogo, huko Uholanzi, mwuza nguo mmoja aitwaye Antonie van Leeuwenhoek alijitengenezea hadubini zake za lenzi moja. Mwaka 1674 alichukua maji ya ziwa lililokuwa karibu na mji wake, akayatazama, akaona viumbe wadogo wakizunguka ndani yake. Nasi wa Kigoma tuna Ziwa Tanganyika mlangoni petu, ziwa la pili kwa kina duniani, ambalo kina chake chafika mita 1,470 hivi. Mholanzi yule hakuwa na bahati kama yetu.

SEHEMU ZAKE

Tuanze chini, twende juu.

Chini kabisa ni kitako, ambacho ni kizito ili chombo kisianguke. Juu ya kitako kuna kioo cha kurudisha mwanga, chenye pande mbili, moja bapa na moja yenye bonde. Hadubini nyingine zina taa ya umeme mahali pa kioo. Sisi tunazo hadubini tatu, mbili za kioo na moja ya taa, na umeme ukikatika zile za kioo huendelea na kazi. Angalizo: usikielekeze kioo kwenye jua lenyewe, kwani mwanga ule utaingia jichoni na kulidhuru. Kielekeze kwenye anga jeupe la dirishani.

Juu ya kioo kuna jukwaa, yaani ubao wa chuma wenye tundu katikati. Hapo ndipo huwekwa slaidi, kipande cha kioo chembamba kinachobeba kitu cha kutazamwa, na vibanio viwili huishika isiteleze. Chini ya jukwaa kuna kipunguza mwanga, ambacho hufunguka na kufumba kama mboni ya jicho la paka.

Nyuma ni mkono, mahali pa kushikia. Mkono hubeba neli, na chini ya neli kuna kizungushio chenye lenzi tatu: lenzi fupi iliyoandikwa 4, lenzi ya kati iliyoandikwa 10, na lenzi ndefu iliyoandikwa 40. Juu ya neli ni lenzi ya jicho, nayo ya kwetu imeandikwa 10.

Mwisho ni skrubu mbili za ubavuni. Skrubu kubwa hupandisha na kushusha kwa haraka. Skrubu ndogo husogeza kidogo sana, hata kwa macho huwezi kuona kama kuna kilichosogea. Katika hadubini nyingine husogea neli, katika nyingine husogea jukwaa, lakini kazi ni ile ile, yaani kubadili nafasi iliyopo kati ya lenzi na slaidi.

Kujua kitu kimekuzwa mara ngapi, zidisha namba ya lenzi ya jicho kwa namba ya lenzi ya chini. Ukitumia lenzi fupi ni 10 mara 4, yaani mara 40. Ukitumia ya kati ni mara 100, na ndefu ni mara 400.

KOSA LANGU

Ilikuwa mwezi wa pili. Mwalimu alituletea slaidi ya damu ya chura iliyotiwa rangi, ya pekee shuleni, akatupanga kwa zamu. Alituagiza tuanze na lenzi fupi. Mimi moyoni nikasema, “Mara 40 ni za watoto. Nipe 400.” Zamu yangu ilipofika, nikaizungusha lenzi ndefu moja kwa moja. Nikaona ukungu mtupu. Basi huku jicho langu li juu ya neli, nikaizungusha skrubu kubwa, nikashusha, nikashusha tena, nikingoja damu itokee.

Nikasikia mlio mdogo, “ka!”

Slaidi ilikuwa imepasuka vipande viwili. Nyuma yangu wanafunzi 31 walikuwa bado hawajaiona damu ile, na hawakuiona tena. Hakuna aliyenitukana, nami ningependa zaidi wangenitukana. Mwalimu aliifuta lenzi kwa karatasi laini, akaitazama kwenye mwanga, akaona haikupata mkwaruzo. Kisha akaniambia, “Kijana, kioo kimevunjwa na jicho lako. Ulikuwa ukitazama mahali ambapo hatari haipo.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu atazamaye ndani ya neli haoni kama lenzi imekaribia kugusa slaidi. Kushusha hufanywa huku ukitazama kwa ubavuni, na kutafuta picha hufanywa kwa kupandisha.

JINSI YA KUITUMIA

Haya ndiyo mafundisho niwapayo wadogo zangu kila Jumatano, na nawaomba wayashike.

Kwanza, beba hadubini kwa mikono miwili, mmoja ukishika mkono wake, mwingine ukiwa chini ya kitako. Iweke mbali na ukingo wa meza.

Pili, weka lenzi fupi juu ya tundu mpaka usikie inanasa. Tazama ndani, rekebisha kioo mpaka uone duara jeupe lenye mwanga ulio sawa pande zote.

Tatu, weka slaidi, kitu chenyewe kiwe juu ya tundu. Sasa inama, tazama kwa ubavuni, na kwa skrubu kubwa ikaribishe lenzi na slaidi bila kugusana.

Nne, tazama ndani ya neli, uzungushe skrubu kubwa polepole kwa upande wa kuziachanisha. Picha itatokea. Malizia kwa skrubu ndogo. Yakupasa kuacha macho yote mawili wazi. Mwanzoni ni shida, lakini baada ya siku chache jicho la pili hujifunza kunyamaza.

Tano, kabla ya kupanda lenzi ya kati, sogeza kitu kiwe katikati kabisa ya duara. Kadiri unavyokuza, ndivyo uonavyo eneo dogo, na kitu kilicho pembeni hupotea.

Sita, ukifika lenzi ndefu, usiiguse tena skrubu kubwa. Tumia ndogo tu. Utaona pia kuwa mwanga umepungua, basi fungua kipunguza mwanga.

Wanafunzi wengi hushangaa kuwa slaidi ikisogezwa kulia, picha hukimbilia kushoto. Sababu ni kwamba lenzi hugeuza picha juu chini na kulia kushoto. Kata herufi “a” katika gazeti, iweke chini ya lenzi fupi, utaiona imesimama kwa kichwa.

Jambo jingine la kupendeza ni kupima. Weka rula yenye kupitisha mwanga chini ya lenzi fupi, uhesabu milimita. Katika hadubini yetu duara lina upana wa milimita 4 na nusu. Kwa lenzi ya kati, ambayo hukuza mara mbili na nusu zaidi, upana ni milimita 1.8. Basi nilipotazama ngozi ya kitunguu iliyotiwa tone la iodini, nikaona seli 6 zimejipanga kutoka ukingo hadi ukingo, nilijua kila seli ina urefu wa milimita 0.3 hivi.

CHORA UONACHO

Baada ya slaidi kupasuka nilijitahidi sana nionekane mwema. Wiki ile ile tukaletewa maji ya ziwa katika chupa. Nikatia tone, nikafunika kwa kioo chembamba, nikatazama. Pale katikati nikaona kiumbe cha mviringo, chenye ukingo mweusi mnene na tumbo jeupe linalong'aa. Nikakichora kwa furaha, nikakitia kiini na ukuta kama kitabuni, nikaandika chini yake “Seli ya mmea wa ziwani.”

Mwalimu akakigusa kifuniko kwa ncha ya sindano. Kiumbe changu kikateleza, kikagawanyika viwili, kikatoweka. Kilikuwa povu la hewa.

“Kiini ulikiona wapi?” akaniuliza.

Nikanyamaza, maana nilikuwa nimekiona kitabuni tu.

Basi jueni, ndugu zangu, kitu cha mviringo kamili chenye ukingo mweusi mnene kwa kawaida ni hewa. Ili kuizuia, shika kifuniko kikiwa kimeinama, kiguse tone kwa ukingo mmoja, kisha kishushe polepole kwa sindano. Na katika kuchora, tumia penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, usitie vivuli, uandike umekuza mara ngapi. Usilichore jambo ambalo hukuliona, hata kama kitabu chasema lipo.

Jumatano iliyofuata nilirudi kwa unyenyekevu. Rafiki yangu alikuwa amenunua dagaa wabichi katika mwalo wa Kibirizi. Tukampasua mmoja, tukatoa kidogo kilichokuwamo tumboni, tukakitia katika tone la maji. Kwanza sikuona kitu, kwa kuwa mwanga ulikuwa mwingi na viumbe wa majini wengi hupitisha mwanga kama kioo. Nikakifumba kidogo kipunguza mwanga, na papo hapo mistari ikajitokeza: vipande vya miguu yenye vinyweleo, vipapasio vilivyokatika, na mwili mmoja mzima wa mdudu mdogo wa jamii ya kamba. Wadudu hao huitwa kopepoda, nao ni chakula kikubwa cha dagaa wa ziwa letu. Hupanda karibu na uso wa maji usiku, na dagaa huwafuata. Ndiyo sababu wavuvi wetu hutoka na taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Nimekulia katika nyumba ya mvuvi, lakini sikupata kujua taa zile zina habari gani mpaka nilipotazama tumbo la dagaa. Nikachora miguu iliyokatika, ikiwa imekatika vile vile.

NILIYOYAONA KATIKA LIKIZO

Mwezi wa sita nilipanda boti kurudi nyumbani, kijiji kilicho kaskazini ya mji wa Kigoma, ufukoni mwa ziwa. Nikamkuta mdogo wangu wa miaka 9 amekonda. Alilalamika tumbo, alichoka upesi, na choo chake kilikuwa na damu. Bibi alisema ni mchango, akampa dawa za majani. Mama akaniambia, “Wewe ndiwe msomi wetu, mpeleke mwenzio kituo cha afya.”

Tukaenda. Bwana wa maabara alikuwa mtu mzima mwenye miwani. Nikamwamkia, “Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Leteni hicho kikopo.”

Aliichuja choo ile katika wavu mwembamba, akaipakaza juu ya slaidi, akaifunika kwa kipande cha karatasi laini yenye kupitisha mwanga iliyolowekwa katika glisarini. Akangoja kama nusu saa. Kisha akaiweka chini ya hadubini, nami nikaona ametumia lenzi ya kati. Sikuweza kujizuia. Nikauliza kwa adabu, “Mzee, lenzi ndefu hutaitumia?”

Akacheka. “Lenzi ndefu ni ya kutazamia kitu ulichokwisha kukipata. Mimi bado natafuta.”

Akaanza juu kushoto, akaisogeza slaidi mstari baada ya mstari, kama mtu alimaye shamba bila kuruka tuta. Dakika zikapita. Mdogo wangu alikuwa amesinzia begani mwangu. Mstari baada ya mstari, bwana yule hakuandika kitu. Nilidhani ataacha, na mimi katika hali yangu ya mwezi wa pili ningalikwisha kuacha zamani. Alipokaribia ukingo wa mwisho akasimama, akazungusha skrubu ndogo, akaniita.

“Njoo, msomi. Waona nini? Usiniambie unachojua, niambie unachoona.”

Nikatazama. “Naona kitu kama yai, rangi ya manjano hafifu. Kina mwiba.”

“Mwiba uko wapi?”

“Ubavuni, mzee, karibu na upande mmoja.”

“Vyema. Hilo ni yai la mnyoo wa kichocho cha tumbo. Yai la kichocho cha kibofu lina mwiba mwishoni. Mahali pa mwiba ndipo penye jibu.”

Yai lile lina urefu wa milimita 0.14 hivi, na kwa lenzi ya kati laonekana wazi. Yalikuwa machache, ameyahesabu yote ndipo akaandika. Alinieleza pia kuwa asingeona yai, asingesema kwa hakika kuwa mtoto ni mzima, maana slaidi moja ni kipande kidogo tu. Angeomba choo ya siku nyingine.

Minyoo ya kichocho iligunduliwa na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, huko Kairo mwaka 1851. Mayai hutoka na choo ya mgonjwa, na yakifika majini huanguliwa. Vitoto vyake huingia katika konokono wa majini, hukua humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aogaye au achotaye maji. Mdogo wangu alipimwa uzito akapewa vidonge vya prazikwanteli, akavimeza baada ya kula. Lakini bwana wa maabara alituonya kuwa dawa huua minyoo iliyomo, haizuii mingine kuingia. Nasi kisima hatuna. Ziwa ndilo mtungi wetu na bafu yetu. Nilipomweleza baba habari ya yai lenye mwiba, nikamchorea kwa penseli vile nilivyoliona, hakusema neno. Kesho yake alfajiri, aliporudi kutoka uvuvini, alichukua sururu akaanza kuchimba choo nyuma ya nyumba.

MWISHO

Nimerudi shuleni, na mdogo wangu, kwa barua ya mama, amekwisha kurudi kwenye mpira. Slaidi ya damu ya chura bado haijapata badala yake. Kila Jumatano nionapo mtoto wa kidato cha kwanza akinyosha mkono kwenye lenzi ndefu kabla ya wakati wake, namshika mkono, namwambia habari ya yai lililopatikana katika mstari wa mwisho.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Basi, wadogo zangu, anzeni na lenzi fupi. Shusheni mkitazama ubavuni, tafuteni picha mkipandisha. Fifisheni mwanga kitu kikiwa chepesi. Msiandike povu kuwa seli. Mkimaliza, rudisheni lenzi fupi, futeni kwa karatasi laini wala si kwa shati, funikeni chombo vumbi lisiingie. Kuna wenzenu nyuma yenu katika foleni, nao pia wanataka kuona.